Ramani au Chumvi? Mjadala wa Bwera

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: Waingereza waliitwaa nchi hii ya magharibi ya Uganda kwa sababu waliijua jiografia yake. Nimeileta Bwera kwa makusudi. Hapa mpaka hauhitaji kuelezwa. Unashuka Mpondwe, unavuka mto Lhubiriha, umefika Kasindi, na umo Kongo. Wa huku anaitwa Mkonzo, wa kule anaitwa Mnande, na wakikutana msibani wanalia kwa lugha moja.

Wasemaji wanne nimewabuni mimi. Mito, mikataba na miaka sikuibuni, na kila hoja mtakayoisikia ina watetezi wake wa kweli. Mtoa hoja ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Anapingwa na kijana mpima ardhi. Yupo mama mmoja mfanyabiashara anayefuata chumvi Katwe, ambaye mwanzoni hakuwa upande wowote, na yupo mgeni wa Beni aliyevuka kwa shughuli zake akanaswa na maneno.

MWALIMU: Nianze na pwani, maana habari za bara zilipitia huko kwenda Ulaya. Mwaka 1855 wamisionari wawili, Erhardt na Rebmann, walichora ramani ya sehemu ambazo wao wenyewe hawakuwahi kufika. Waliwauliza Waswahili na Waarabu wa misafara, wakaandika, kisha wakaweka katikati ya Afrika Mashariki ziwa moja kubwa mno. Walikosea, yalikuwa maziwa matatu. Lakini kosa lile liliwasha moto London. Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ikawatuma Burton na Speke, wakaondoka pwani mwaka 1857. Mwaka uliofuata Speke akaliona ziwa la Nyanza akalipa jina la malkia wake. Mwaka 1862 akayaona maji ya Naili yakitoka ziwani pale Jinja. Mwaka 1864 Baker akafika Ziwa Albert. Kisha Stanley. Hesabuni: kutoka ramani ya wamisionari hadi Uganda kutangazwa kuwa nchi lindwa, mwaka 1894, haikutimia miaka arobaini. Kila mahali alitangulia mtu mwenye daftari, akafuata mwenye mkataba, akamalizia mwenye bunduki. Mnataka ushahidi gani zaidi?

MPIMA: Nataka ushahidi kwamba aliyekuwa na daftari alijua alichokiandika. Mwalimu, wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha habari za Stanley. Januari 1876 alifika na jeshi la Kabaka wa Buganda juu ya genge, akatazama maji chini, akayaita Ghuba ya Beatrice, akayachora kama sehemu ya Ziwa Albert. Leo tunayaita Ziwa George! Hayaungani na Ziwa Albert kama alivyochora. Yameungana na Ziwa Edward kwa mlango wa Kazinga, na kutoka Edward maji yanazunguka mlima mzima kwa mto Semliki kabla ya kufika Albert. Ghuba ile ilikaa kwenye ramani za Ulaya zaidi ya miaka kumi, mpaka alipopita tena mwaka 1889.

MWALIMU: Akajisahihisha. Ndiyo elimu hiyo.

MPIMA: Alijisahihisha baada ya watu kugawana. Agosti 1885 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliyatangazia mataifa mipaka ya Dola Huru ya Kongo. Upande wa mashariki akaweka mstari wa longitudo 30. Mwaka huo msafara wa Stanley ulikuwa haujaiona theluji ya Rwenzori. Iliingia katika taarifa zake mwaka 1888. Yaani mpaka ulichorwa kupita kwenye mlima ambao wachoraji hawakujua kwamba upo. Halafu tarehe 12 Mei 1894 Waingereza na Leopold wakatia saini mkataba wao, mpaka ukawa ni mstari uleule wa 30. Sasa mama, nikuulize: mstari huo unapita wapi?

MAMA: Mimi mipaka niijuayo ina askari wa forodha. Huo wa 30 unatoza shilingi ngapi?

MPIMA: Hautozi, na hiyo ndiyo bahati yetu. Unapita karibu na Kikorongo, kule ambako barabara ya Mbarara inakatiza Ikweta. Mji wa Kasese uko mashariki kidogo ya mstari. Vingine vyote viko magharibi yake: Bwera, Mpondwe, Katwe na ziwa lake la chumvi, hata kilele cha Margherita. Kwa mkataba wa 1894, ukiusoma na kifaa cha GPS mkononi, sisi sote tuliokaa hapa ni watu wa Kongo.

MGENI: Karibuni nyumbani.

(Kwa faida ya msomaji, hili la longitudo lina ufundi wake, na bila ufundi huo mtu anaweza kudhani wale wazee walikuwa wazembe. Latitudo msafiri aliipata kwa kupima urefu wa jua adhuhuri au nyota usiku. Longitudo ilihitaji saa. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, kwa hiyo ukijua saa ya Greenwich na saa ya hapo ulipo, tofauti yake ndiyo longitudo. Basi chukua saa ya Kizungu, ifungwe ndani ya mzigo, ipandishwe kichwani mwa mpagazi kutoka pwani, ivuke mito, inyeshewe, na mpagazi aanguke nayo mara moja moja. Ikikosea dakika moja tu, umekosea robo ya digrii, na hapa kwenye Ikweta robo ya digrii ni karibu kilomita 28. Kutoka Bwera hadi mstari wa 30 ni takriban kilomita 25. Uraia wa tarafa nzima ulining'inia kwenye dakika moja ya saa.)

MWALIMU: Kijana wangu, unasema kama kwamba kosa linaiua hoja yangu. Milki haihitaji ujuzi usio na dosari. Inahitaji ujuzi unaomshinda mpinzani. Kabalega wa Bunyoro aliijua nchi hii kuliko Stanley mara mia, lakini alichokijua kilikaa vichwani mwa watu wake. Hakikuweza kwenda London, kupigwa chapa, kununuliwa na tajiri wa kampuni. Stanley alipita Katwe Juni 1889. Kitabu chake kilitoka mwaka 1890. Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifika Katwe mwaka 1891. Pangeni miaka hiyo mitatu mezani mniambie ni bahati nasibu.

MAMA: Sasa mmefika kwangu. Lugard alikuja Katwe kufuata nini?

MWALIMU: Kuweka ngome, mama. Fort George, kwenye ardhi iliyo kati ya ziwa la chumvi na Ziwa Edward.

MAMA: Ngome ya kulinda upepo? Alifuata chumvi. Na habari ya chumvi ya Katwe hakuivumbua mtu aliyetoka Ulaya. Chumvi ile ililiwa Nkore, ikaliwa Bunyoro, ikavushwa Ziwa Edward kwenda Kongo, Rwanda pia iliijua. Kabalega aliwaweka askari wake pale, wale Abarasura, kwa sababu anayeishika Katwe anakula kodi ya kila chungu cha mboga kuanzia hapa mpaka mbali. Lugard akawatoa, akakaa yeye. Na hakuja peke yake. Alikuja na Kasagama, mtoto wa wafalme wa Toro aliyekuwa amekimbilia upande wa Buganda, akamrudisha kwenye kiti. Niambieni, katika msafara ule nani alikuwa mjuzi wa jiografia? Yule mwenye dira, au wale waliojua kisima kiko wapi, mtu gani ni wa nani, na njia ya wachukuzi wa chumvi inapita wapi?

Hapa Mwalimu alikaa kimya kidogo, na mimi ningekaa kimya pia. Wanahistoria wengi huandika habari za Lugard kama habari za ngome na mikataba, na chumvi huitaja kwa mstari mmoja. Ukisimama ukingoni mwa ziwa lile unaelewa ni nani aliyeona mbali. Katwe ni shimo la volkano ya kale. Maji yanaingia, hayana pa kutokea, jua linayanyonya na chumvi inabaki. Watu wamegawa ukingo kuwa visima vidogo vyenye kuta za udongo, kila kisima na mwenyewe, na haki ya kisima hurithiwa. Wanaume huingia katikati ya ziwa wakiwa ndani ya maji makali, wakabandua kwa mitaimbo mabamba ya chumvi ya mawe, ya kijivu na mazito, wakayasukuma hadi nchi kavu kwa vyelezo. Chumvi nyeupe ya kula hukusanywa visimani wakati wa kiangazi, na mvua moja kubwa inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Kujua lini uchote na lini uache, hiyo nayo ni jiografia, na haimo kwenye ramani yoyote ya 1890.

MAMA: Tena niwakumbushe kile kiwanda. Serikali ilileta kampuni ya Ujerumani, ikajenga mitambo ya kusafisha chumvi palepale kando ya ziwa. Maji ya Katwe yakayala mabomba. Kiwanda kikafa, magofu yake yapo mpaka leo, na watu wanachota chumvi kwa mikono mbele yake.

MPIMA: Mama ananisaidia bila kujua.

MAMA: Ninajua vizuri, mwanangu. Ila sikusaidii wewe.

MGENI: Ndugu zangu, mniruhusu. Nyote mnasema habari za Waingereza kana kwamba walikuwa peke yao. Sisi tulitawaliwa na mtu ambaye hakuwahi kuikanyaga Kongo hata siku moja. Septemba 1876 Leopold aliwaalika Brussels wanajiografia wa Ulaya, akawakirimu, akasema habari za kuifungua Afrika kwa ustaarabu na kukomesha biashara ya watumwa. Mkutano wa jiografia! Chama kilichoundwa pale kilikuwa pazia, na nyuma ya pazia lile ikajengwa milki ya mtu mmoja. Kwa hiyo mimi nasema jiografia ilikuwa nguo ya heshima waliyoivaa kuingilia mlangoni. Ndani walifanya kazi kwa mjeledi na bunduki. Mwalimu, kama ujuzi ndio ungeamua, mstari wa 30 ungeheshimiwa ulipopatikana. Ulipatikana?

MPIMA: Ulipatikana. Mwaka 1907 na 1908 tume ya mipaka ya Waingereza, chini ya Luteni Kanali Bright, ilifanya kazi huku pamoja na ya wenzao wa Kongo. Mwaka 1908 na 1909 wakapima tao la mstari wa 30 katika magharibi ya Uganda, kwa minara na pembetatu kutoka kilima hadi kilima, kazi ya kitaalamu kweli, siibezi. David Gill, mwanaastronomia wa Rasi, alikuwa na ndoto ya mlolongo wa vipimo kutoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Cairo, na kipande cha Uganda kiliingia humo. Mlolongo ulikamilika mwaka 1954. Lakini huku kwetu, kwa vipimo vile vya 1908 na 1909, kwa mara ya kwanza wakajua kwa hakika mstari uko wapi.

MGENI: Na walipojua?

MPIMA: Wakauweka kando. Tarehe 14 Mei 1910, Brussels, Waingereza na Wabelgiji walikubaliana upya. Mpaka ukafuata Semliki, ukapanda na mto Lamia, ukapita kilele cha Margherita, ukashuka na Lhubiriha hadi Ziwa Edward. Katwe ikabaki kwa Waingereza, na Bwera pia, ingawa zote ziko magharibi ya mstari. Ndiyo maana napinga hoja. Ramani sahihi ilikuja karibu miaka ishirini baada ya Lugard. Ni stakabadhi: huandikwa mali ikisha kuchukuliwa.

MGENI: Aliyekuwa amekaa ndiye aliyepewa.

MWALIMU: Subiri. Stakabadhi si kitu kidogo. Asiye nayo hunyang'anywa. Na msisahau kwamba ule mpaka mpya wa mito na vilele usingeandikika bila ujuzi. Mwaka 1906 Duke wa Abruzzi alipanda vilele vyote vikubwa vya Rwenzori, akiwa na kambi yake Bujongolo na wapagazi Wakonzo, akakipa kilele cha Margherita jina la malkia wa Italia. Bila kilele kujulikana na kupimwa, mkataba wa 1910 ungekiandika nini?

MPIMA: Ungefanya kama ule wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Humo waliandika kwamba mlima Mfumbiro ni wa Waingereza, na kama ukija kuonekana uko kusini ya mstari, basi mstari upindwe kuufuata. Speke aliusikia, akauweka kwenye ramani. Mkataba ukagawa mlima ambao watia saini hawakujua uliko. Walipofika wakakuta safu nzima ya volkano, hii ya Virunga, na ugomvi wa dola tatu ukaendelea miaka ishirini. Mwalimu, hiyo ni milki inayokua kwa kutojua.

Nadhani hapa kijana alizidisha chumvi, na si ile ya Katwe. Kutojua hakujengi ngome. Ila ana haki katika jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka: ramani tupu ilikuwa na faida yake. Mahali palipoachwa peupe kwenye karatasi palionekana kana kwamba hapana mwenyewe, na mezani Brussels au Berlin weupe ule ulikuwa hoja tosha. Angechora Stanley mashamba ya Wakonzo, visima vya Katwe na majina ya wenye visima, mstari wa 30 ungekuwa mgumu zaidi kuuchora.

MWALIMU: Nikubali hilo, lakini mniruhusu nitazame baada ya 1910, maana milki haikui kwa mipaka tu, hukua pia kwenda ndani. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari walichora ugonjwa wa malale ulivyoshika fukwe za maziwa, na serikali ikawahamisha watu kutoka fukwe hizo. Nchi iliyoachwa wazi ikajaa wanyama, na mwaka 1952 ikatangazwa hifadhi, ndiyo Queen Elizabeth ya leo. Ramani ya mbung'o ikageuka ramani ya tembo. Na Kasese yenyewe? Shaba ilijulikana Kilembe, reli ikaletwa mpaka Kasese mwaka 1956 kuibeba. Mji ulizaliwa na ramani ya mawe.

MGENI: Hayo ni kweli. Lakini mlimani?

MAMA: Mlimani hawakupaweza. Nani asiyejua habari za Nyamutswa na Tibamwenda? Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 uliwaweka Wakonzo chini ya Toro, na walipokataa, viongozi hao waliuawa mwaka 1921. Lakini watu walijua njia za kuvuka kwa Wanande, wakavuka. Mwaka 1962, tarehe 30 Juni, Isaya Mukirania na wenzake wakatangaza dola yao ya Rwenzururu, na kwa miaka ishirini, mpaka mwanawe Charles Mumbere aliposhuka mwaka 1982, serikali ilikuwa na ramani zote za mlima ila mlima wenyewe. Karatasi waliichukua Waingereza wakaiachia Kampala. Vichochoro vya mlima walibaki navyo wenyewe.

MPIMA: Basi mama, upande gani? Unaunga mkono hoja au unapinga?

MAMA: Naunga mkono, ila mmekosea jina la mwenye ujuzi. Ujuzi ndio uliowaleta, na ujuzi ndio uliowaweka. Lakini ulikuwa wetu. Walioulizwa njia walijibu, walioulizwa chumvi walionyesha. Kosa letu, kama lilikuwa kosa, ni kwamba tulijibu bure.

MGENI: Hatukuwa na sababu ya kushuku. Mgeni akiuliza njia huelekezwa.

MWALIMU: Hapo mama amenishinda nikiwa upande mmoja naye.

Mjadala uliishia hapo kwa sababu mgeni alitaka kuvuka kabla mpaka haujafungwa. Mimi, kama mwenyekiti nisiyechaguliwa, ninatoa uamuzi wangu. Hoja ya Mwalimu haisimami ilivyoandikwa: ramani za Ulaya zilizoigawa nchi hii mwaka 1885, 1890 na 1894 zilikuwa na makosa makubwa, na ile iliyokuwa sahihi ilipofika, wenye nayo hawakuifuata. Hoja ya kijana haisimami pia, maana Lugard hakuwa anapapasa gizani; alikwenda moja kwa moja mahali penye mapato. Milki ilikua pale ilipofanikiwa kuunganisha mambo matatu: maarifa ya watu wa hapa, karatasi ya kuyasafirisha hadi London, na askari wa kukaa nayo kisimani. Likikosekana moja, mstari ulihama, kama ulivyohama kutoka Kikorongo hadi Lhubiriha.

Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Afrika huru waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, na ule wa 1910 ukiwemo. Kura yangu nampa mama wa Katwe. Wewe msomaji, kabla ya kupiga yako, muulize mzee wa kwenu mpaka wa tarafa yenu ulipita wapi kabla ya ramani ya kwanza, na safari hii uandike wewe.